"Namba za Kiarabu": Istilahi Inayopotosha

Katika mafunzo ya sarufi ya Kiswahili limezoeleka elezo moja, kwamba sita, saba na tisa hazichukui kiambishi cha upatanisho kwa kuwa ni "namba za Kiarabu". Twasema watu watano na watu wanane, lakini watu sita. Asili ya maneno hayo hatuipingi. Tunaloipinga ni sababu iliyotolewa.

Na tumfikirie mwanafunzi wa Busi, wilayani Kondoa, asemaye Kirangi nyumbani na kusoma Kiarabu madrasani. Huko atafundishwa kwamba namba za Kiarabu hubadilika sana. Kuanzia tatu hadi kumi, namba huchukua alama ya kike panapohesabiwa jina la kiume, na huivua panapohesabiwa la kike: sittatu rijalin, wanaume sita; sittu nisain, wanawake sita. Kwa mbili, jina lenyewe lina umbo la uwili, hata neno la namba kwa kawaida halihitajiwi. Basi akiambiwa darasani kwamba sita haibadiliki kwa sababu ni ya Kiarabu, amwamini mwalimu yupi?

Upande wa Kibantu nao waikanusha sababu hiyo. Kumi ni neno la Kibantu, nasi twasema watu kumi. Kenda, neno la kale la tisa, ni la Kibantu pia. Na Wamijikenda wa pwani ya Kenya huitwa kwa miji kenda, wala si "miji mikenda". Ukweli ni kwamba namba ni za aina mbili. Ziko zinazofanya kazi ya sifa, nazo hupatana na jina. Na ziko zilizo na tabia ya majina, nazo husimama zenyewe. Ndiyo maana kumi lina wingi wake, makumi. Tisa ilipoingia ilikalia kiti cha kenda, ikafuata desturi ya kiti hicho. Katika watu ishirini na wawili aina zote mbili zaonekana bega kwa bega.

Zaidi ya hayo, "namba za Kiarabu" ni jina la tarakimu 1, 2, 3 pia, ambazo chimbuko lake ni Bara Hindi. Istilahi moja isibebeshwe mizigo miwili. Twapendekeza vitabu vya shule viseme namba patanifu na namba tuli, na habari za asili ziachiwe somo la historia ya lugha.