Kanji zinasomeka: "naweza" ya Kijapani ikitazamwa kutoka Mlola

Kitabu cha Minna no Nihongo, ambacho tangu mwaka 1998 kimewafundisha Kijapani wageni wa kila namna, kinamleta mwanafunzi kwenye habari ya kuweza mara tatu. Somo la 18 linampa "koto ga dekimasu", kifungu cha kubandika nyuma ya kitenzi chochote. Somo la 27 linakinyambua kitenzi chenyewe. Somo la 36 linamfundisha kusema kwamba zamani hakuweza na sasa anaweza. Mpangilio huo sina ugomvi nao. Ugomvi wangu uko kwenye maelezo yanayoandamana nao, ambayo msomaji wa kwetu huyapata kwa Kiingereza. Katika jambo hili, Kiingereza ni mwongozaji mbovu.

Mchukue kijana wa Mlola, kule juu Lushoto. Nyumbani anasema Kisambaa, sokoni na shuleni Kiswahili, na Kiingereza alikutana nacho kwa dhati sekondari. Lugha zake mbili za mwanzo zina kauli ya kutendeka: kinasomeka, unalika, haipitiki. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo kinachokaa ndani ya kitenzi na kufanya kazi kila siku. Kijapani kinacho. Kwa hiyo tunamchukua mtu mwenye chombo mkononi, tunamwambia akiweke chini, apite kwenye lugha isiyo nacho, kisha akifika ng'ambo tunamfundisha upya kukitumia.

Tuanze na "dekiru" yenyewe, maana humo ndimo fikra nzima ilimojificha. Kihistoria neno hili linarudi kwenye "idekuru": ide, kutoka, na kuru, kuja. Kuja nje, kutokeza. Maana hiyo haijafa hata leo. Mjapani akiota chunusi husema "nikibi ga dekita", chunusi imetoka. Wali ukiwa tayari, "gohan ga dekita". Duka jipya likifunguliwa mtaani, nalo lime-dekiru. Akipata rafiki, "tomodachi ga dekita". Halafu, kwa kitenzi hicho hicho, anasema "nihongo ga dekiru", na kitabu kinatafsiri upesi upesi: naweza Kijapani. Alichokisema hasa ni kwamba Kijapani kinamtoka.

Ukilishika hilo, swali linalowasumbua wanaoanza linajijibu. Kwa nini kitu kinachowezwa kinafuatwa na "ga", alama ya kiima, badala ya "o", alama ya yambwa? Walimu wengi hujibu: kariri tu. Lakini chunusi ikitoka, chunusi ndiyo kiima. Hakuna mtu anayeitenda. Kijapani nacho kikimtoka mtu, Kijapani ndicho kiima, na mtu anatajwa pembeni kama mahali jambo linapotokea. Mwanaisimu Ikegami Yoshihiko aliandika kitabu kizima mwaka 1981 juu ya tofauti hii, kati ya lugha zinazopenda kuona mtu anatenda na lugha zinazopenda kuona jambo linakuwa. Kijapani alikiweka kundi la pili.

Kiswahili je? Naona kimekaa katikati, na cha kuchekesha ni kwamba kinaegemea upande wa Kijapani hasa pale tunaposhindwa. Hesabu zimenishinda. Somo hili halinielei. Ugali umenishinda, nimeshiba. Hapo kitu ndicho kinachotenda na mtu anafikwa tu. Ziweke sentensi hizo kando ya "sūgaku ga dekinai" (hesabu zimenishinda) na "wakaranai" (halinielei), uone zinavyolingana kiungo kwa kiungo, kuliko ukipitia "siwezi" na "sielewi". Tofauti ni kwamba sisi tukianza kufaulu tunageuza mtindo, tunajitaja wenyewe: naweza, najua, naelewa. Mjapani hageuzi. Kushindwa na kuweza vyote anavisema kwa umbo moja.

Sasa tuingie karakana, somo la 27. Vitenzi vya kundi la kwanza vinaishia na irabu u. Ondoa hiyo u, tia e, malizia na ru: yomu, soma, inakuwa yomeru, kaku, andika, inakuwa kakeru, oyogu, ogelea, inakuwa oyogeru. Panga silabi kwa safu kama watoto wa Kijapani wanavyozikariri, ma mi mu me mo, na utaona kwamba mu imesogea hatua moja tu kwenda me. Kata neno vipande: yom, e, ru. Kata la kwetu: som, ek, a. Mzizi, kiambishi cha kutendeka, tamati. Vipande vitatu kwa vitatu, na kila kimoja kinakaa mahali pa mwenzake. Mwanafunzi aliyefaulu mnyambuliko wa vitenzi kidato cha pili hahitaji maelezo ya ukurasa mzima hapa.

Na si umbo tu. Kuna sentensi zinazovuka bila kupoteza hata punje. Maji haya yananyweka: "kono mizu wa nomeru". Uyoga huu unalika: "kono kinoko wa taberareru". Masika yakikolea na udongo wa mlimani ukaporomoka, barabara hii haipitiki: "kono michi wa tōrenai". Ningekuwa na darasa Mlola, wiki ya kwanza nisingemtaja mtu kabisa. Ningekaa na maji, uyoga na barabara mpaka kiambishi kiingie mdomoni.

Mtu akiingia ndipo njia zinaachana. Kutendeka kwetu hakupokei mtenda. Husemi "kitabu kinasomeka na Juma". Ukitaka kumtaja Juma utasema kinasomwa naye, au anaweza kukisoma. Kijapani kinampokea bila shida: "watashi wa kanji ga yomeru", mimi naweza kusoma kanji, yaani zile herufi zenye asili ya Kichina. Kuna daraja, ingawa mwalimu wa insha atanuna akiliona. Katika mazungumzo tunatanguliza mtu na kumwacha akielea mwanzoni: "Mimi, mwandiko wako hausomeki." Ile "mimi" haina kazi ya kisarufi ndani ya sentensi, inatangaza tu habari ni ya nani. Hiyo ndiyo kazi ya "wa" ya Kijapani. Kwa hiyo "mimi, kanji zinasomeka" ni Kiswahili kibaya na ni maelezo mazuri kuliko yote niliyokutana nayo. Wajapani wenyewe siku hizi husema pia "kanji o yomeru", kwa alama ya yambwa, na hakuna anayeshtuka. Lakini "dekiru" inaing'ang'ania "ga" yake.

Mtego unaofuata umo katika neno letu "jua". Sisi tunatenganisha: najua kuendesha pikipiki, maana nilijifunza, naweza kuendesha pikipiki, maana mguu umepona au tajiri ameniachia funguo. Kijapani kinayaweka yote mawili ndani ya "unten ga dekiru". Mswahili akitafuta "jua" kwenye kamusi anakutana na "shitte iru", anaunda "nihongo o shitte imasu", na Mjapani anasikia kwamba huyu bwana ana habari kuwa kuna lugha inaitwa Kijapani. Ujuzi wa kutenda hauendi na "shitte iru". Unakwenda na dekiru, au na kitenzi kilichonyambuliwa.

Macho na masikio yana hesabu yake. Ukisimama Mtae, kwenye ukingo wa milima, uwanda wa Mkomazi unaonekana kule chini: "mieru". Hukufanya lolote, umefumbua macho na uwanda uko pale. Sasa sema: hifadhini Mkomazi faru weusi wanaonekana. Kiswahili hakikubadilisha kitu, "onekana" ni ile ile. Mjapani anabadilisha: "mirareru", maana hapa faru hawaji wenyewe machoni, wewe ndiye uliyepata nafasi ya kwenda kuwatazama. Adhana ya msikiti wa bonde la pili inasikika, "kikoeru". Hotuba iliyorekodiwa ambayo unaweza kuisikiliza ukitaka, "kikeru". Kwa hiyo kila unapotaka kusema "onekana" au "sikika", jiulize kama jambo limekujia lenyewe au umelifuata.

Sasa kuhusu kupata ujuzi, yaani somo la 36, ambalo naona ndilo linalofundishwa vibaya kuliko yote. Kifungu ni "yō ni naru". Chukua "akachan ga arukeru yō ni natta". Arukeru, kuweza kutembea, yō, hali au namna, ni, kuelekea, natta, imekuwa. Mambo ya mtoto yamefika kwenye hali ya kuweza kutembea. Maelezo ya vitabu yanapita njia ndefu, mwanafunzi anaondoka na sentensi nzito kama "nimekuwa mtu ambaye anaweza". Wakati mama yeyote wa Usambara angesema kwa pumzi moja: mtoto amejua kutembea.

Ile "me" ya "amejua" ndiyo inayobeba mzigo wote wa "yō ni natta". Inasema kuna kabla na kuna sasa, mpaka umevukwa, na hali mpya inaendelea. Lakini angalia "me" hiyo hiyo ikikaa juu ya "weza". "Ameweza kuvuka mto" haisemi kwamba amepata ujuzi wa kudumu. Inasema safari hii amefanikiwa. Hiyo kwa Kijapani ni "dekita", bila "yō ni". Basi kanuni ya kubandika ukutani ni fupi: amejua, au sasa anaweza, ni "yō ni natta", ameweza, kwa maana ya kufaulu mara moja, ni "dekita". Kiingereza hakimwonyeshi mwanafunzi mpaka huo kwa urahisi. Kiswahili kinamwonyesha kabla hajafungua kitabu.

Yapo madogo ya kuangalia. "Yomu yō ni natta", bila kunyambua kitenzi, ni tabia na si uwezo: siku hizi anasoma, zamani hakuwa akigusa kitabu. Vitenzi ambavyo tayari vina mabadiliko ndani yake, kama nareru, kuzoea, au futoru, kunenepa, havihitaji kifungu hiki. Amezoea ni "nareta", basi. Na uwezo ukiondoka, kifungu kinafupika: "yomenaku natta", hawezi tena kusoma, kama bibi ambaye macho yamemchoka. Ile "tena" yetu imemezwa na "natta".

Hapo juu nimelalamikia kupita kwa Kiingereza. Safari ya kutoka upande wa pili, Wajapani kuja kwenye lugha zetu, ilishafanywa, na kwa njia fupi zaidi. Kisambaa kilianza kuandikiwa mapema: mwaka 1911 Karl Roehl, mmisionari wa Kijerumani, alichapa sarufi ya Kisambaa kwa Kijerumani. Mwaka 1989 Ruth Besha wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akatoa utafiti wake juu ya njeo na hali katika Kisambaa, na mwaka 1993 msamiati wake wa Kisambaa, uliopangwa kwa makundi ya maana na kuongezewa muhtasari wa sarufi, ukachapishwa Tokyo na taasisi ya lugha na tamaduni za Asia na Afrika. Maneno ya Usambara yamekaa kwenye rafu za Tokyo zaidi ya miaka 30. Chuo Kikuu cha Osaka nacho kinafundisha Kiswahili kama somo kuu la shahada, na Mjapani anayekisoma huko anaelezwa kutendeka kwetu kwa Kijapani, moja kwa moja.

Kabla sijamaliza, nirudi karakana: kuhusu kundi la pili la vitenzi nitasema machache. Taberu, kula, inapata "rareru": taberareru. Ubaya ni kwamba umbo hilo ndilo pia kauli ya kutendwa, hivyo neno moja linaweza kuwa "inalika" au "inaliwa", mambo ambayo sisi tumeyatenga vizuri kwa ik na w. Wajapani wameona taabu hiyo na mdomoni wengi wanaidondosha ile ra: tabereru, mireru. Uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2015 ulikuta kwa mara ya kwanza wanaosema "mireta" wamewapita wanaosema "mirareta". Ila mtihani wa Kijapani una mambo yake. Viza ya Japani ya kazi ya ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019, inataka kiwango cha N4 cha mtihani wa lugha wa JLPT au mtihani unaolingana nacho, na maumbo haya yote yamo ndani ya N4. Kwenye karatasi andika ra. Ukishafika na kuketi mezani na wenzako wa kazini, sema tabereru kama wao.