Jino Moja Pungufu

Sproketi ya mbele ya pikipiki yangu ilikuwa na meno 14. Fundi akaniwekea ya meno 13, na tangu siku hiyo mlima wa Lushoto naupanda kwa moyo mkunjufu.

Kutoka Mombo ni kilomita 33 hivi za kona na kupanda tu, nami huenda na magunia mawili ya mchele yamefungwa mpira nyuma. Kabla ya kufika Soni gia ya pili ilikuwa inachoka. Nikirudi ya kwanza, injini inalia hadi huruma. Niliamini klachi imeisha. Fundi hakugusa klachi. Alipakia nyuma yangu, tukapanda kona tatu, akaniambia nisimame.

"Mwanangu, injini nzima hii. Ila gia zake za tambarare."

Akachukua kijiti, akaandika vumbini. Nyuma meno 42. Ukigawa kwa 14 unapata 3 kamili, ukigawa kwa 13 unapata 3.23. Nguvu inayofika kwenye gurudumu inaongezeka karibu asilimia 8, na kasi inapungua asilimia 7 kwa mzunguko uleule wa injini. Kupata hayo kwa sproketi ya nyuma ingebidi kuongeza meno matatu. Kisha akanitajia hasara kabla hajashika spana: kwenye barabara ya Korogwe injini itapiga kelele zaidi, na cheni, kwa kuwa itajikunja kwenye duara dogo, itachakaa mapema. Kwa hilo peke yake nampa heshima yake yote.

Dukani alikwenda mwenyewe. Mfukoni ana kipande cha shafti kuukuu. Alikichomeka kwenye meno ya ndani ya kila sproketi na kukitikisa, kutafuta ulegevu. Akahakikisha namba 428, ile ya cheni yangu. Halafu akatoa tupa. Kwenye sproketi ya kwanza tupa iliuma chuma, akairudisha. Ya pili vilevile. Ya tatu tupa iliteleza kama juu ya kioo, akaniambia nilipe.

Kuifunga hakukuchukua hata saa moja. Alitoa pedeli ya gia na kifuniko cha kushoto, na ndani tukakuta grisi na mchanga vimeshikamana kama ugali uliolala. Alisugua kwa mafuta ya taa mpaka shafti ikang'aa, akisema sproketi mpya haiwekwi juu ya uchafu wa ile ya zamani. Kilipu ya cheni aliirudisha upande uliofungwa ukitangulia mwendo, mdomo wazi ukitazama nyuma, ili isichomoke ikigonga kitu. Cheni ikalegea kidogo, akavuta gurudumu nyuma milimita 3 hivi, huku akipima alama za pande zote mbili kwa kucha ya kidole gumba. Akazungusha gurudumu taratibu, akaibonyeza cheni kila baada ya robo mzunguko, akitafuta mahali inapokaza zaidi. Hapo ndipo alipopimia ulegevu.

Kuna jambo alilonionyesha ambalo bado linanifurahisha. Cheni yangu ina pingili 118. Kwa meno 14, jino moja lilikuwa linakutana na nusu tu ya pingili hizo, zilezile daima. Kwa meno 13 kila jino hukutana na kila pingili kwa zamu, na ulaji unasambaa sawasawa. Alinihesabia kwa kidole, bila haraka, mikono imejaa oili, na wateja wawili wakimsubiri.

Alasiri nilipakia mchele. Kwenye kona ya juu kabisa kabla ya Soni, pale nilipozoea kuikanyagia gia ya kwanza, mguu ulijiandaa wenyewe. Nikauacha. Gia ya pili ikavuta mpaka juu.

Ile ya meno 14 aliifunga kwenye gazeti na kunikabidhi. "Itunze. Ukihamia Mombo, niletee."