Uchaguzi wa Mtahiniwa katika Upimaji wa Fasihi Vyuoni

Karatasi ya mtihani wa fasihi ni utanzu ambao haujapata wahakiki. Husomwa kila muhula na maelfu ya watu, hutungwa na wahadhiri ambao kazi yao ni kuhakiki maandishi ya wengine, walakini ni nadra kumkuta mmoja wao akiigeuzia karatasi hiyo jicho alilolinoa kwa riwaya na tamthilia. Lau ingehakikiwa, jambo la kwanza kudhihirika lingekuwa uthabiti wa umbo lake. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya agizo ni lile lile: jibu swali la kwanza na mengine yoyote mawili. Swali la kwanza, lililo la lazima, aghalabu huwa na alama 30, na yale mawili alama 20 kila moja, jumla 70. Alama 30 zilizobaki hutokana na kazi za muhula. Neno "yoyote" ndilo linalobeba dai zima kwamba mtahiniwa amepewa uhuru.

Uhuru huo ni wa namna gani? Katika maswali ya hiari, moja huanza na "Jadili", jingine na "Hakiki", jingine na "Fafanua", jingine na "Linganisha". Vitenzi ni vinne, kazi ni moja: insha ya kurasa chache iliyoandikwa mbio mbio, kimya, bila kitabu mkononi. Mtahiniwa huchagua mada. Hachagui njia ya kuonyesha anachokijua. Wala yeye hashangai, kwa kuwa karatasi ya tatu ya Kiswahili katika mtihani wa kidato cha nne ilikwisha kumzoesha swali moja la lazima na mengine matatu kutoka sehemu mbalimbali. Chuo kikuu kimeurithi mpango wa shule na kuupunguzia swali moja.

Jambo hili ni la ajabu zaidi likitazamwa katika historia ya taaluma yenyewe. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao mashuhuri wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi ivunjwe, na fasihi ya Afrika, pamoja na fasihi-simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Mengi ya yaliyotakwa yalitimia. Lakini mjadala uliofuata ulihusu zaidi vitabu vya kusomwa kuliko namna ya kumpima aliyevisoma. Shakespeare aliondolewa kwenye kiti cha mbele, na hapana aliyekigusa kiti cha mtahini. Hivyo ikawa kwamba ngano, nyimbo na vitendawili viliingia chuoni kwa mlango mkubwa, kisha vikaulizwa maswali kwa desturi iliyotoka Cambridge.

Kasoro hiyo haionekani popote kwa uwazi kama ilivyo katika kozi ya fasihi-simulizi. Kwa majuma kumi na zaidi mwanafunzi hufundishwa kwamba uhai wa utanzu huu umo katika fanani, hadhira na tukio. Kwamba wimbo uliotolewa katika uimbaji wake ni mifupa mitupu. Kwamba sauti, kituo na ishara ya mkono ni sehemu ya maana. Mwisho wa muhula huketishwa penye dawati la peke yake, akakatazwa kutoa sauti, akaombwa afafanue umuhimu wa sauti. Anayeweza kuusimulia utani wa kwao hadi watu wakashika mbavu hupata alama sawa, au chini, ya aliyekariri sifa sita za fanani bora. Hili si suala la huruma kwa mwanafunzi. Ni suala la ukweli wa shahada: chuo kinatangaza kwamba mtu huyu anaijua fasihi-simulizi, ilhali hakikupata hata mara moja kumsikia.

Ushairi nao una mfano wake. Mgogoro wa wanamapokeo na wanamabadiliko, uliopamba moto baada ya Kezilahabi kutoa Kichomi mwaka 1974, umekuwa swali la mtihani kwa miongo mingi hata majibu yake yameota kutu. Kila mtahiniwa hutaja kitabu cha sheria cha Kaluta Amri Abedi cha 1954, akaeleza vina na mizani, akaeleza uhuru, akahitimisha kwamba pande zote mbili zina hoja. Sasa na achukuliwe mwanafunzi aliyeruhusiwa kufanya vingine: kutunga beti tano za tarbia zenye mizani kumi na sita kila mshororo, kisha kuyageuza maudhui yale yale kuwa shairi huru, na mwisho kueleza kila neno lililobadilika lilibadilika kwa nini. Huyo atakuwa ameuishi mgogoro wenyewe. Atakuwa amegundua, kwa jasho, kwamba kina humlazimisha mtunzi kusema asilolikusudia, na kwamba wakati mwingine hilo asilolikusudia ndilo zuri kuliko alilolikusudia. Hapana insha ya dakika arobaini itakayomfikisha hapo.

Wapinzani wa uchaguzi huu wana hoja, na haifai kuzipuuza. Ya kwanza ni usawa. Utunzi wa beti tano utalinganishwaje na insha, au na tafsiri ya wimbo wa Kiluo kwa Kiswahili, au na igizo la kundi? Jibu la kawaida ni kwamba mtunzi aambatishe maelezo ya kihakiki, na maelezo hayo ndiyo yatolewe alama. Jibu hili ni dhaifu kuliko linavyoonekana. Likifuatwa, kila njia hurudi kuwa insha yenye pambo mbele yake, na mwanafunzi atakuwa amefanya kazi mbili kwa alama za kazi moja. Lililo afadhali ni utetezi wa mdomo: mwanafunzi asimame mbele ya wahadhiri wawili, aulizwe kwa nini kituo kiko hapa na si pale, kwa nini neno la Kimvita limeachwa likachukuliwa la Kiunguja. Majibizano si jambo geni katika lugha hii. Washairi wa Mombasa na Lamu wa enzi ya Muyaka walipimana kwa jawabu, na asiye na jawabu alijulikana. Hata hivyo, ieleweke kwamba hapa hakusifiwi mapokeo kwa kuwa ni mapokeo tu. Chuo cha Kurani cha pwani, kwa mfano, hakikumpa mwanafunzi uchaguzi wowote, na waliotoka humo wakiwa washairi wakubwa si haba.

Hoja ya pili ni ukwepaji. Mwanafunzi aliyeachiwa huru atakimbilia analoliweza, akahitimu bila kujua kujenga hoja kwa maandishi. Hofu hii ni ya haki, nayo inatosha kukataa uchaguzi usio na mipaka. Insha haina budi kubaki mahali pake katika kila kozi. Linalobishaniwa ni insha kushika mahali pote. Zile alama 30 za muhula ndipo pa kuanzia, kwa kuwa idara nyingi zinaweza kuzipanga upya bila kubishana na Seneti juu ya umbo la mtihani wa mwisho.

Ya tatu, ambayo wahadhiri huitaja kwa sauti ya chini ingawa ndiyo nzito kuliko zote, ni wingi wa wanafunzi. Darasa la watu 200, kila mmoja akipewa dakika 15 za utetezi, hudai saa 50 za kusikiliza, tena kwa watahini wawili. Huo si uvivu wa mhadhiri, ni hesabu. Utendaji wa makundi hupunguza mzigo: makundi 25 ya watu wanane, nusu saa kila moja, ni saa kumi na mbili na nusu. Lakini kundi nalo huficha wavivu nyuma ya fanani mmoja hodari. Idara isiyoongezewa watu haiwezi kutoa uchaguzi kwa kila kozi, na itajidanganya ikiahidi hivyo. Kozi mbili tatu zilizochaguliwa vema zitafaa kuliko sera ya idara nzima inayotekelezwa kwa karatasi tu.

Tangu mwisho wa mwaka 2022 kumeingia sababu nyingine ya kuogopa. Programu za kompyuta zinazotunga insha kwa dakika chache zimewafanya wengi waikatae kazi ya kuandikia nyumbani na kutaka yote yarejeshwe ukumbini chini ya msimamizi. Inasahauliwa kwamba insha inayotungwa na mashine kwa urahisi kiasi hicho ndiyo ile ile iliyofundishwa kwa miaka yote: utangulizi, hoja sita, hitimisho. Mashine imeuigiza mtihani. Haijapata kwenda Kwale kumsikiliza mzee, wala haiwezi kusimama mbele ya watu wawili ikatetea beti zake.

Panabaki suala la nani hunufaika. Uchaguzi unaoonekana sawa kwenye karatasi huenda usiwe sawa mfukoni: safari ya utafiti wa nyanjani hutaka nauli na kinasa-sauti. Mwanafunzi wa Lamu aliyekua akisikia tenzi ataona utunzi ni mteremko. Wa Bungoma au Lodwar atauona ni mlima. Ndiyo maana tafsiri kutoka lugha ya kwao haipasi kuwa njia ya pembeni. Kwa huyo wa bara ndiyo pengine njia ya pekee ambayo ujuzi aliokuja nao kutoka nyumbani unahesabiwa kuwa ujuzi. Itadai, bila shaka, kwamba idara imtafute mwenzake anayeijua lugha ya matini ya asili, na mara nyingine atapatikana katika idara nyingine, au hatapatikana, na hapo njia hiyo isitolewe kwa muhula huo.

Tena uchaguzi uliotangazwa juma la kumi si uchaguzi. Aliyelelewa kwa mitihani ya majaribio na miongozo ya kusahihisha atachagua insha, kwa kuwa ndiyo aijuayo, kisha takwimu zitatumiwa kusema kwamba wanafunzi wenyewe hawakutaka mabadiliko. Njia zote zapasa kujaribiwa darasani kwa alama chache kabla ya juma la nne, na mwanafunzi aandike alichokichagua na sababu yake, ili mtahini wa nje akija aikute karatasi hiyo pamoja na kazi yenyewe. Na aliyeanguka kwa njia aliyoichagua, je, arudie kwa njia ile ile? Kanuni nyingi za vyuo hazikulitazamia swali hili. Yaelekea ni haki aruhusiwe kubadili mara moja, kwa maana kukosea katika kuchagua nako ni sehemu ya alichokuja kujifunza. Lakini kibali hicho kiandikwe kwenye kanuni za kozi tangu siku ya kwanza, kisingoje kuombwa mlangoni mwa mwenyekiti wa idara.