Kilomita 18 kwa lita? Tuihoji hiyo namba kabla ya kununua gari

Nilipokwenda Sindeni mara ya mwisho, mjomba alinifungulia daftari. Anataka kukopa anunue Toyota IST ya kubeba abiria kati ya Korogwe na Handeni. Hesabu alishazipiga zote: marejesho ya mkopo, bima, matairi, oili. Kwenye mstari wa mafuta kulikuwa na namba moja tu: kilomita 18 kwa lita.

"Hiyo umeitoa wapi, mjomba?"

"Imo kwenye tangazo, mpwa wangu. Wajapani wenyewe wameipima."

Jirani aliyekuwa amekaa pembeni akacheka. Ya kwake, IST vilevile, inakwenda kilomita 12 kwa lita, haijawahi kuzidi hapo. Mwenzake akaapa kwamba yake inafika 16. Ubishi ukaanza, chai ikapoa.

Nilivyowasikiliza, sikuona muongo hata mmoja pale. Tatizo ni ile namba. Imeandikwa kama vile ni sifa ya gari peke yake, kama rangi au idadi ya milango, wakati ukweli ni kwamba ni matokeo ya vitu vitatu: gari, njia na jinsi ilivyopimwa. Ukitaja kimoja ukaficha viwili, umempa mnunuzi theluthi ya habari.

Wajapani walipima nini?

Magari mengi ya umri wa IST yanatangazwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho 10-15 mode. Kipimo hiki hakifanyiki barabarani. Gari inafungwa juu ya roli maabara, injini ikiwa imeshapata moto, kiyoyozi kimezimwa, halafu dereva anafuata mchoro wa mwendo. Mchoro huo una dakika 11 na kilomita 4.16. Mwendo wa juu kabisa ni kilomita 70 kwa saa, wastani ni 22.7, na karibu theluthi ya muda gari imesimama tu.

Sasa jiulize, hiyo ni barabara gani? Siyo Korogwe–Handeni. Huo ni mtaa wa Tokyo wenye dereva mpole asiye na abiria wala haraka. Safari ndefu haimo kabisa. Na huwezi hata kusema kwamba namba hiyo ni "ya mjini", maana foleni ya Dar es Salaam ina kiyoyozi, ina jua, na ina dereva anayekanyaga mafuta ili bodaboda isimpite.

Tuone gari moja iliyopimwa na nchi mbili. Toyota Prius ya kizazi cha pili, iliyotoka 2003, kwa 10-15 mode ilipata kilomita 35.5 kwa lita. Marekani waliipa kwanza kilomita 25.5 mjini na 21.7 barabara kuu. Kuanzia magari ya mwaka 2008 Wamarekani wakabadilisha hesabu zao, wakaingiza mwendo kasi, kiyoyozi na baridi. Prius ileile ikashuka hadi 20.4 mjini na 19.1 barabara kuu. Gari haikuharibika. Kilichobadilika ni swali.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha orodha ya "magari kumi yanayokula mafuta kidogo", swali la kwanza ni hili: zote zimepimwa kwa kipimo kimoja? Ukiweka 35.5 ya Japani kando ya 14.9 ya Marekani, hujalinganisha magari, umelinganisha maabara.

Mshindi wa mjini na mshindi wa safari

Kosa la pili la namba moja ni kwamba inaficha pengo kati ya mjini na safari ndefu, na pengo hilo halifanani kwa kila gari.

Mjini adui ni breki. Kila ukisimama, mwendo uliolipia kwa petroli unageuka joto kwenye breki pedi na kupotea. Ukisubiri kwenye taa, injini inaunguza mafuta na gari haiendi popote. Barabara kuu adui ni upepo. Nguvu ya hewa inayokuzuia inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 80 kwenda 120 haiongezeki kwa nusu, inakuwa mara 2.25. Ndiyo maana gari ya kawaida hufanya vizuri zaidi safarini, mradi dereva asigeuze safari kuwa mashindano.

Gari ya haibridi kama Prius ina njia ya kuukwepa ule ubadhirifu wa mjini. Ukifunga breki, sehemu ya mwendo inarudi kwenye betri, na kwenye foleni injini inajizima. Safarini hakuna breki nyingi za kuokoa, hivyo faida yake inapungua. Tuiweke kando ya Toyota Yaris ya mwaka 2008 iliyouzwa Marekani, gia otomatiki, yenye injini ya 1NZ-FE ya cc 1,500 ambayo iko pia kwenye baadhi ya IST. Kwa kipimo kimoja cha Marekani, mafuta ya kilomita 100 ni hivi:

Mjini: Yaris lita 8.1, Prius lita 4.9.
Barabara kuu: Yaris lita 6.7, Prius lita 5.2.

Mjini Prius inakuokolea lita 3.2. Safarini lita 1.5, chini ya nusu. Mtu wa Mbagala anayepambana na foleni kila asubuhi ana sababu nzuri ya kufikiria haibridi. Mtu wa Sindeni anayetembea kati ya Korogwe na Handeni anaweza kulipa pesa nyingi zaidi kununua ujanja ambao barabara yake haiutumii sana.

Umeona pia nimeandika lita kwa kilomita 100. Siyo mbwembwe. Kilomita kwa lita inadanganya macho. Kutoka 18 kwenda 22 kunaonekana ni hatua kubwa kuliko kutoka 8 kwenda 10. Piga hesabu kwa kilomita 100: ya kwanza inaokoa lita moja, ya pili inaokoa lita mbili na nusu. Mwenye gari kubwa inayokunywa akipunguza kidogo tu, anaokoa kuliko mwenye kigari anayetafuta ubingwa.

Rudi Sindeni

Hata namba ya Marekani ya barabara kuu siyo yetu. Barabara ya Korogwe–Handeni ina kilomita kama 65, lami safi, lakini ina vijiji, vibao vya 50 na matuta. Chukua gari yenye kilo 1,300 pamoja na watu, na injini inayogeuza robo ya nishati ya petroli kuwa mwendo. Ukishuka kutoka 80 hadi 10 kwa ajili ya tuta, halafu ukarudi 80, umelipa kama mililita 40 za petroli, sawa na vijiko vinane vya chai. Lita ikiwa Sh3,000, tuta moja ni Sh120. Dereva anayeliona tuta mapema akaachia pedeli mbali analipa kidogo kuliko anayekimbia mpaka mlangoni kisha akakaba breki.

Halafu kuna mlima. Handeni iko juu kuliko Korogwe kwa mita 300 na ushei. Kuipandisha ile gari yetu mita 300 kunahitaji karibu nusu lita ya ziada. Gari ambayo kwenye tambarare ingekwenda kilomita 14 kwa lita itaonekana inakwenda 12.7 ikipanda, na inaweza kufika 15.6 ikishuka. Jirani wa mjomba hujaza mafuta Korogwe na kupima anapofika Handeni. Yule mwenzake hupima akirudi. Ubishi wote ule wa chai kupoa ulikuwa, kwa sehemu kubwa, ubishi wa mlima.

Na kipimo chetu wenyewe nacho kina ila. Wengi hatusemi lita, tunasema "elfu kumi inanifikisha". Lakini EWURA hutangaza bei kikomo mpya kila mwezi. Elfu kumi ya mwezi huu siyo lita zilezile za mwezi ujao, kwa hiyo unaweza kuilaumu gari kwa kosa la bei, au kumsifu fundi kwa bei iliyoshuka.

Inagharimu kiasi gani?

Mjomba amepanga safari mbili za kwenda na kurudi kwa siku, yaani kilomita 260. Kwa kilomita 18 kwa lita ni lita 14.4. Kwa 14, namba ambayo kwa gari ya abiria iliyojaa naiona ni ya kiungwana, ni lita 18.6. Tofauti ni zaidi ya lita nne kwa siku. Kwa siku 26 na lita ya Sh3,000, ni zaidi ya Sh320,000 kwa mwezi. Mkopeshaji hatasikiliza habari za 10-15 mode.

Haki yao Wajapani tuwape. Mwaka 2011 walihamia kipimo cha JC08, na tangu 2018 wanatumia WLTC, ambacho kinatoa namba tatu pamoja na ile ya jumla: mjini, nje ya mji na barabara ya mwendo kasi. Huo ndio uungwana ninaoudai kwa wauzaji: jina la kipimo likae kando ya namba, na namba ya mjini isichanganywe na ya safari. Ila gari nyingi zinazotufikia kwa bei ya mjomba ni za kabla ya hapo.

Kwa hiyo nilimshauri atafute mwenye IST kama anayoitaka, wajaze tenki Korogwe mpaka pampu ijikate, waandike kilomita, waende Handeni na kurudi wakiwa na abiria wa kweli, kisha wajaze tena kwenye pampu ileile. Kwenda na kurudi ndiyo siri, mlima unajifuta kwa sehemu kubwa. Warudie mara tatu, wagawanye kilomita zote kwa lita zote.

Mjomba hakufurahi sana. Alichukua kalamu, akaikata ile 18 kwa mstari mmoja, na pembeni akaacha nafasi wazi. Kwa sasa hiyo nafasi wazi ndiyo hesabu ya kweli kuliko zote kwenye daftari lile.