Istilahi za Lishe ya Wagonjwa wa Figo: Uhakiki Mfupi

Istilahi nyingi zikikosewa, hasara yake ni msomaji kutoelewa tu. Zipo chache ambazo kosa lake huweza kugharimu uhai. Miongoni mwazo ni zile za vijitabu vya lishe wapewavyo wagonjwa ambao figo zao zimeshindwa kazi na damu yao huchujwa kwa mashine. Katika safu hii tunakusudia kuhakiki maneno manne tuliyoyakuta katika vijitabu vya namna hiyo.

Kwanza, 'kusafisha figo'. Usemi huu umeenea, lakini hauelezi kinachotendeka. Mashine haigusi figo. Huitoa damu, huipitisha katika kichujio, kisha huirudisha mwilini, aghalabu mara tatu kwa juma, muda wa saa nne hivi kila mara. Aambiwaye kwamba figo zake zimesafishwa ana haki ya kudhani kuwa sasa zinafanya kazi, na kwamba aweza kula apendavyo. Tunapendekeza 'kuchuja damu'. Wapo watakaosema kwamba usemi wa kwanza umekwisha kuzoeleka; nasi twajibu kwamba mazoea hayahalalishi upotoshaji.

Pili, 'chumvi'. Kijitabu kimoja kimeita potasiamu 'chumvi', na kingine 'magadi'. Yote mawili ni makosa, kwani chumvi ya mezani na magadi ya Ziwa Natron na Ziwa Magadi ni ya sodiamu. Mgonjwa aonywaye juu ya 'chumvi' ataiacha, na huku akiendelea na madafu, ndizi, viazi, maharage na nyanya, vyenye potasiamu nyingi ingawa havina ladha ya chumvi. Baya zaidi, huenda akanunua chumvi mbadala, ambayo mara nyingi ni kloridi ya potasiamu. Kwa mtu mwenye afya, potasiamu katika damu huwa kati ya milimoli 3.5 na 5.0 hivi kwa lita. Ikizidi mno, moyo waweza kusimama ghafla. Basi neno 'potasiamu' libaki lilivyo, nalo lifafanuliwe kwa majina ya vyakula.

Tatu, 'kuchemsha'. Kusudi la agizo ni potasiamu iyeyukie majini: viazi vimenywe, vikatwe vipande vidogo, vichemshwe kwa maji mengi, na maji hayo yamwagwe. Lakini katika mapishi yetu maji ya kuchemshia aghalabu ndiyo mchuzi. Neno 'kuchemsha' peke yake halimwambii mpishi amwage kitu. Iandikwe 'kuchemsha na kumwaga maji'.

Nne, 'kupunguza chakula'. Agizo hili laweza kumdhoofisha mgonjwa bure. Achujwaye damu huhitaji protini ya kutosha, takriban gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Anachotakiwa ni kuchagua, si kujinyima. Na 'kuchagua chakula' ndiyo tafsiri sahihi.

Hapana budi basi wafasiri wasitosheke na kamusi. Kabla kijitabu hakijapigwa chapa, kisomwe mbele ya yule ampikiaye mgonjwa, naye aulizwe atafanya nini jikoni. Jibu lake likitofautiana na kusudi la daktari, istilahi haijapatikana. Tunakaribisha maoni ya wasomaji.