Sufuria Iliyoachwa Motoni

Nianze na saa 4:40 asubuhi, maana ziara yetu nzima ya vijiji na vyakula vya Kupro iliharibikia hapo. Mama mwenye nyumba ameshaiengua anari yote, ile jibini laini, vipande vya jibini ya halloumi vimekatwa na vinachuruzika maji mezani, na sahani ya chumvi na nanaa kavu iko karibu na mkono wake wa kulia. Kilichobaki ni kuvitumbukiza kwenye sufuria. Mwongozaji akapiga makofi mara mbili, akatangaza kwamba basi linasubiri na kwamba mwisho wa kazi tutauona kwenye video atakayotutumia. Tukatoka. Yule mama alibaki amesimama na kijiko chake cha matundu mkononi, na hakuna hata mmoja wetu aliyeaga ipasavyo.

Ulikuwa uamuzi mbovu, na sioni njia ya kuutetea.

Mnaoijua jibini hii mnaelewa kilichokatwa pale. Hadi hatua ile, halloumi haijatofautiana sana na jibini nyingine za vijijini: maziwa yamepashwa moto hadi nyuzi 30 na kitu, yametiwa kigandishi, yameganda, mgando umekatwakatwa na kukandamizwa. Kinachoifanya iwe halloumi huja baadaye. Vipande hurudishwa kwenye yale maji yaliyojitenga na mgando, sasa yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 90, vikakaa humo nusu saa au zaidi hadi vielee. Huopolewa vikiwa vya moto, hupakwa chumvi na nanaa, na hukunjwa katikati kabla havijapoa. Ule mkunjo mnaouona kwenye kila kipande dukani huzaliwa dakika hiyo. Na kwa kuwa maziwa hayakuachwa yachachuke, kalisi yake hubaki imeishikilia protini, kisha moto wa pili huikaza zaidi. Ndiyo maana halloumi ikiwekwa juu ya makaa hubadilika rangi bila kuyeyuka. Ni swali ambalo kila mgeni wa Kupro huuliza, na jibu lake lilikuwa ndani ya sufuria tuliyoipa mgongo. Ni sawa na kuwatoa watu uwanjani wakati wapiga penalti wanapangwa.

Mwongozaji alisema tumechelewa. Kweli tulichelewa, kwa kuwa kuchukua wageni hotelini Limassol kulikula muda, na barabara ya kupanda milima ya Troodos haina mahali pa kuufidia. Lakini tuhesabu. Kuchemsha, kuopoa na kukunja kulihitaji kama dakika 40. Kituo kilichofuata kilikuwa duka la peremende za lukumi na sabuni za mafuta ya zeituni, na pale tulikaa dakika 45. Dakika zilikuwepo. Zilipelekwa penye kamisheni.

Nimeshaliandika jambo hili kwenye safu hii na nitaendelea kuliandika hadi ratiba zibadilike. Sina ugomvi na mwongozaji kupata chochote dukani, kwa maana msimu ni mfupi na familia zinakula mwaka mzima. Ugomvi wangu ni duka kupewa saa isiyoguswa huku kazi ya mikono ikipewa masalio. Anayepanga ziara ya vijiji na vyakula anapaswa kwanza kujua ni kitu gani siku hiyo hakiwezi kusubiri. Monasteri ya Msalaba Mtakatifu pale Omodos ingesubiri. Barabara za mawe za Lania zingesubiri, na lukumi ingesubiri hata wiki. Maziwa yaliyotiwa kigandishi alfajiri hayasubiri mtu.

Na tiba ilikuwa nyepesi. Mgando unapokandamizwa hakuna cha kutazama. Huo ndio muda wa kuwatembeza watu uchochoroni, kuwaonyesha mizabibu, kuwapa kahawa, kisha kuwarudisha sufuria ikiwa inatokota. Au apige simu asubuhi, "Mama, tumechelewa, usiteremshe mgando bado," na kazi yote isogezwe mbele. Yule mama angekubali. Kwa namna alivyokuwa akitutazama, ni wazi alitaka tuone mwisho.

Njia hii iliwahi kuwa na mwongozaji mwanamke, mzaliwa wa vijiji vya juu, na hadi leo sijaona wa kumfikia. Kwake ratiba yote ilining'inia kwenye sufuria. Hakushika kipaza sauti. Alisimama nyuma ya wageni ili wenye kazi waonekane, na halloumi ilipokunjwa alihakikisha kila mtu amepewa kipande chenye joto bado, laini, kinacholia kwenye meno. Siku moja alifuta kituo kizima cha duka kwa sababu mgando ulichelewa kukaza. Wapo walionung'unika, lakini kipande kilipofika mikononi walinyamaza.

Uaminifu wa aina hiyo ndio uliompa Anthony Bourdain, mpishi na mtangazaji wa vipindi vya safari na vyakula, heshima yake. Mnakumbuka kipindi chake cha Sicily cha mwaka 2013, alipopelekwa baharini kuvua, kisha akaona pweza waliokufa, walioganda kwa barafu, wakitupwa majini ili "wavuliwe"? Hakukificha kisa kile. Alikirusha hewani na kueleza jinsi kilivyomkera, kwa sababu alijua mtazamaji anastahili kuona kazi ilivyofanyika kweli. Video ya kutumiwa baadaye, wakati sufuria halisi inatokota mbele yenu, ni dharau kwa mgeni na kwa mpishi pia.

Mengine yalikwenda vizuri. Maelezo ya divai ya Commandaria yalikuwa sahihi: vijiji 14, zabibu za Mavro na Xynisteri zilizoanikwa juani, miaka isiyopungua miwili kwenye mapipa. Mkate wa arkatena wa Omodos, unaoumuliwa kwa povu la dengu, ulielezwa vyema.

Mezani ndipo kosa la saa 4:40 liliporudi. Kwenye meze ya mchana, ule mlo wa visahani vingi, ililetwa halloumi ya pakiti, imechomwa, ngumu pembeni. Umoja wa Ulaya uliilinda halloumi kwa jina la asili mwaka 2021, na kanuni zinataka maziwa ya mbuzi na kondoo hatimaye yazidi ya ng'ombe, ingawa viwanda vimepewa muda wa kujirekebisha. Hapo mgeni ndipo anapohitaji kuonja tofauti kwa ulimi wake: ya nyumbani, ya moto, yenye maziwa ya mbuzi, halafu ya kiwandani. Kilomita chache nyuma yetu, ile ya nyumbani ilikuwa tayari imekunjwa, na hakuna aliyekuwepo kuila.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa wanaopanga msimu ujao ni moja. Jibini ipewe saa yake kamili asubuhi, tangu mgando hadi mkunjo, na sahani ya kwanza iliwe palepale jikoni. Duka liwekwe mwisho, basi likiwa linateremka kurudi Limassol, na kama muda umeisha, lipitwe.