Dagaa ubaoni

Mwalimu hafungui kitabu. Anabandika ubaoni picha ya wanawake wanaoanika dagaa, anasogea pembeni, anauliza: "Hapa kuna nini?" Darasa hili la kisomo, kando ya Ziwa Victoria, hukutana saa kumi jioni, muda waliouchagua wanakisomo wenyewe, dagaa wakishaanuliwa. Wanabishana: mchangani au chanjani, mvua ya ghafla, bei ya debe. Mwalimu anasikiliza tu.

Mabishano yakikolea ndipo anaposhika chaki. Anaandika "dagaa" kwa herufi pana, anapitisha kidole chini yake, wanasoma. Kisha analikata: da, ga, a. Chini anashusha ndugu zake: da, de, di, do, du, ga, ge, gi, go, gu. Mwanaelimu Paulo Freire alifuata njia hii ya kuanzia kwenye neno lenye uzito maishani alipofundisha vibarua wa Angicos, Brazili, mwaka 1963. Kwetu Tanzania, Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na vitabu vya kisomo vya enzi zile vilizungumzia pamba, ndizi na uvuvi.

Sasa zinagawiwa kadi za silabi, zilizokatwa kwenye maboksi, kila mmoja seti yake, na majirani wanaazimana. Dada. Gogo. Dodo, na wanacheka, maana ni msimu wa maembe. Mzee mmoja anakandamiza penseli mpaka ncha inakatika. Mwalimu anaichonga kwa wembe, anamrudishia kwa mikono miwili. Inakatika tena, anachonga tena, uso uleule.

Mama mmoja amepanga "de" na "ge", anaduwaa. Mwalimu amemwona. Hamsogelei. Kwangu mimi ufundi wake mkubwa uko hapo, kujua wakati wa kunyamaza. Mama anamgeukia jirani: "Niazime de na ge zako." Anapanga zote nne, anasoma kwa sauti: degedege.

Darasa zima linaanza kuzungumza kwa pamoja: homa, watoto, usiku wa kukimbilia zahanati, kadi ya kliniki ambayo mama hajui imeandikwa nini. Mwalimu anawaacha waseme hadi wamalize. Andalio la kesho lilikuwa kusoma mizani na kupiga hesabu ya kilo. Anachukua kalamu, anaikata mizani, anaandika juu yake: kadi ya kliniki, kila mmoja aje na ya mwanawe au mjukuu wake.